Jinsi ya Kulishinda Onyo la Sauti Bila Kutoka Jasho

Najua kilichokuleta. Umechomeka hedifoni, wimbo umefika pale penyewe, kidole gumba kiko juu ya kitufe cha kuongeza sauti, mara simu inakutolea kibao: ukisikiliza kwa sauti hii kwa muda mrefu utaharibu masikio yako, je, uendelee? Wewe, mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa na madeni yako mwenyewe, unahojiwa na simu uliyoinunua kwa pesa yako. Inauma. Basi nitakupa njia zote, moja baada ya nyingine. Zifuate kwa moyo mmoja, na baada ya miaka michache hakuna onyo litakalokusumbua tena, wala hodi mlangoni.

Hatua ya 1: Bonyeza SAWA kabla hujasoma

Ni hatua nyepesi, lakini tuipe heshima yake, maana kuna watu walikaa vikao vingi ili wewe ubonyeze mara moja. Ufaransa ilianza mwaka 1996, ikatunga sheria kwamba vifaa vya muziki vya mkononi visizidi desibeli 100. Mwaka 2002 Apple ikabidi iziondoe iPod kwenye maduka ya huko hadi programu yake irekebishwe. Baadaye Ulaya nzima ikakubaliana utaratibu: kifaa kisimame kwanza kwenye desibeli 85, mwenyewe akitaka zaidi, aonywe, akikubali, apande hadi 100, na baada ya saa 20 za kusikiliza, aonywe tena. Android ikaliingiza onyo la namna hiyo katika toleo la 4.2, mwaka 2012, na kwa njia hiyo likafika hadi mfukoni mwako bila wewe kuliagiza.

Umeuona uzuri wake? Sheria yenyewe imekuachia mlango wa nyuma, tena bila komeo. Ukitaka kumtumia shangazi elfu kumi, simu inadai namba ya siri. Ukitaka kutoa masikio, inatosha kugusa kioo, hata kwa kiwiko.

Wala usione haya. iPod za Ulaya zilipowekewa kikomo, Wazungu wenyewe hawakukawia kutengeneza viprogramu vya kukiondoa. Uko katika kundi kubwa na lenye elimu.

Hatua ya 2: Ijue hesabu, ili ukiivuka uivuke kwa makusudi

Si uungwana kuvunja mpaka usioujua ulipo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hiyo ndiyo posho yako. Sasa tega sikio, wakati lingalipo: desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila ukipandisha 3, nguvu inayoingia sikioni inakuwa maradufu na muda wako unakatwa nusu. Kwa 83 una saa 20. Kwa 86, saa 10. Kwa 89, saa 5. Kwa 92, mbili na nusu. Kwa 95, saa moja na robo. Kwa 98, dakika 37 na ushee. Kwa 101 huna hata dakika 20, na hizo ni za wiki nzima, si za asubuhi ya leo.

Mchukue abiria wa Mbagala anayefanya kazi Kariakoo. Foleni saa moja kwenda, saa moja kurudi, siku tano: saa 10. Kwa desibeli 86 posho yake inaishia pale anaposhuka kituoni Ijumaa jioni. Jumamosi anakula mtaji. Na huyo ni mtu mstaarabu. Wewe na mimi tunajua kwamba jirani yake kwenye kiti cha dirishani anasikilizwa na basi zima.

Lililo tamu zaidi ni kwamba sikio halikudokezi kitu. Ili lihisi sauti imekuwa mara mbili linahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Unalipa kumi, unapewa mbili. Ukiletewa biashara ya hivyo sokoni utaita mgambo. Ikija kupitia hedifoni unaita besi.

Simu za karibuni, nakuonya, zimeanza kutunza daftari. iPhone inajumlisha usikilizaji wako wa siku 7. Posho ikiisha inakuletea taarifa na kuirudisha sauti chini. Android nayo, tangu toleo la 14 la mwaka 2023, ina mfumo wa kukokotoa dozi hiyohiyo ya usikilizaji. Usitishike. Ingia kwenye mipangilio, tafuta, zima. Kuna nchi ambazo sheria hairuhusu kuizima taarifa hiyo. Kama yako haimo, shukuru Mungu na usonge mbele.

Hatua ya 3: Idanganye simu, kwa sababu nayo inabahatisha

Nikunong'oneze siri ambayo mafundi hawaipendi itoke. Simu haina sikio. Haijui sauti iliyomo ndani ya kichwa chako ni kubwa kiasi gani. Inachojua ni kiasi ilichokipeleka kwenye waya au hewani, kisha inakisia hedifoni zako zitakifanyia nini. Hedifoni za kampuni yenyewe inazifahamu. Zile ulizonunua dirishani, basi likiwa kwenye mataa, kwa muuzaji aliyekuwa akikimbia nalo sambamba, haizifahamu hata kidogo. Hazina historia wala wazazi. Kwa kazi yetu hizo ndizo bora.

Kama unatumia Bluetooth, mambo ni rahisi zaidi. Baadhi ya simu hukuuliza kifaa ulichokiunganisha ni cha aina gani: hedifoni, spika, gari, kifaa cha kusaidia kusikia, au kingine. Wanauliza ili wajue kama sauti inaishia masikioni au inatawanyika hewani. Jibu: gari. Simu itaamini, maana imefundishwa adabu ya kutobishana na mteja. Kuanzia hapo hesabu ya dozi inasimama, nawe unatembea mitaani ukiwa umevaa gari kichwani. Wapo waliohangaika kazini miaka 20 bila kufikia kumiliki gari.

Hatua ya 4: Hamia kwenye kompyuta, kusiko na mlinzi

Ukichoka kugombana na simu, fungua VLC. Ni ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, inayofungua kila faili ulilopewa kwenye flashi bila kuuliza limetoka wapi. Ni zao la mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Angalia tarehe hiyo vizuri. Mwaka uleule ambao bunge la Ufaransa liliamua sauti isipite hapa, vijana wa Paris walianza safari iliyotuletea mstari wa sauti usioishia kwenye asilimia 100.

Unaishia 125. Ukichimba mipangilio ya ndani utausogeza mbele zaidi, na VLC ya simu ina nyongeza inayokufikisha 200.

Asilimia 200 ya nini? Swali zuri, na mtu mwenye haraka hasubiri jibu, lakini kwa kuwa tumeshakuwa marafiki nitakupa. Muziki wa kidijitali ni namba tu. Katika faili la kawaida la CD, namba hizo zinaanzia -32,768 na kuishia 32,767. Juu ya hapo hakuna kitu. Dari ni dari. Ukivuta mstari kupita mia, programu inazizidisha namba zote, na zile zinazogonga dari zinapitishwa kama mtu mrefu anayelazimishwa kuingia mlango mfupi bila ruhusa ya kuinama: mwili unapita, kichwa kinabaki nje. Vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, na kile kilichokuwa tarumbeta kinatoka kama bati linaloburutwa kwenye lami. Sehemu za chini, ambazo zilikuwa zinakupumzisha, zinapanda na kujaa. Umepata makelele zaidi na muziki pungufu kwa wakati mmoja.

Kwa haki, mstari huo una kazi yake halali. Kuna filamu zilizorekodiwa sauti chini mno, waigizaji wananong'onezana kama wanagawana urithi, na laptopu yako ina vispika vya ukubwa wa shilingi. Hapo kuna nafasi tupu hadi kwenye dari, na 125 inasaidia kweli. Wewe itumie kwa wimbo ambao tangu studio umeshabanwa hadi pomoni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtumiaji na gwiji.

Mwaka 2014 palizuka ubishi mtandaoni baada ya wateja kulalamika kwamba kampuni moja ya kompyuta inakataa kutengeneza spika za laptopu zilizokufa, kisa zimetumika na VLC. Watengenezaji wa VLC wakaja juu: programu haiwezi kuipa spika nguvu ambayo kompyuta yenyewe haina. Watu wakabishana sana juu ya nani kaua spika. Habari za masikio yaliyokuwa mbele ya spika hizo hazikuingia kwenye ajenda.

Hatua ya 5: Zima usawazishaji

Wapo watu wema waliogundua kwamba nyimbo hazirekodiwi kwa kiwango kimoja. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza mfumo uitwao ReplayGain: programu inapima kila wimbo mapema, inaandika pembeni ni mkubwa au mdogo kiasi gani, kisha inapunguza au kuongeza ili usikilizaji uende tambarare. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kipimo chao, R128. Leo Spotify inasawazisha yenyewe usipoigusa, na VLC ina kisanduku cha kazi hiyo kwenye mipangilio ya sauti.

Futa tiki. Unataka maisha yenye matukio.

Kisha panga orodha yako hivi. Kwanza weka rekodi ya Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sauti imetoka kwenye sahani ya zamani, iko mbali, inakwaruza, nawe kwa mapenzi unaifuata: unapandisha, unapandisha, unabonyeza SAWA, unapandisha, mpaka unausikia udi. Fumba macho. Wimbo unaofuata uwe singeli.

Ukiweza, fanya hivyo kitandani usiku. Programu ya kusawazisha ingekuharibia kabisa dakika hiyo.

Hatua ya 6: Chagua hedifoni zinazopitisha kelele

Hedifoni zinazoziba sikio vizuri, au zile zinazofuta kelele za nje, ni adui wa mradi huu. Mtu aliyezivaa anajikuta anasikia kila kitu akiwa chini ya asilimia 60 ya sauti, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza, na anashuka garini hana habari kubwa ya kusimulia. Wewe chukua zile zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuingia. Kelele za injini, konda na mhubiri wa kwenye basi zitapita bila kizuizi, nawe utalazimika kupandisha muziki juu ya vyote vitatu. Zina faida ya pili: zinavuja. Abiria wa kiti cha mbele atajua una ladha gani, na hilo ndilo lengo hasa, tusidanganyane.

Hatua ya 7: Mwachie mtoto hedifoni zako

Posho ya mtoto ni ndogo kuliko yako: desibeli 75 kwa hizo saa 40. Zipo hedifoni za watoto zenye kikomo ndani kwa ndani, lakini zina masikio ya sungura, na mtoto wa watu hawezi kuonekana nazo. Mpe zako. Onyo likitokea atalibonyeza haraka kuliko wewe. Ana mazoezi ya michezo.

Hatua ya 8: Uwe na maelezo ya asubuhi

Siku ya kwanza baada ya kazi nzuri utaamka masikio yameziba kama yametiwa pamba, na kwa mbali kuna kinanda chenye noti moja, *niiiii*. Usiende kwa daktari; atakuuliza maswali. Subiri. Ikifika jioni, au kesho yake, ukungu utaondoka, na hapo ndipo useme maneno yenye kutia nguvu: masikio yamezoea.

Hayajazoea. Ndani ya kila sikio, kwenye konokono dogo lililojaa maji, umezaliwa na seli takriban 16,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Zikilazwa na sauti kubwa, nyingine zinainuka tena, nyingine haziinuki, na zilizokufa hazioti upya. Kuku huotesha zake. Wanasayansi walilibaini hilo katika miaka ya 1980: kuku akipigwa na kelele, seli zake za kusikia zinarudi. Yaani jogoo wa mama mkwe wako, yule unayemtukana saa kumi alfajiri, ana bima ambayo wewe huna. Lakini yeye hana simu, kwa hiyo mko sawa.

Methali ya sikio la kufa unaijua. Isikukoseshe usingizi, haikutaja desibeli hata moja.

Hatua ya 9: Jifunze mazungumzo ya mtu aliyefaulu

Hapa ndipo matunda yanapoonekana, na wengi hushikwa bila maandalizi. Hutaamka siku moja kukiwa kimya. Kitakachoondoka kwanza ni sauti za juu, karibu na hezi 4,000, nazo ndizo zinazobeba herufi nyembamba: *s*, *sh*, *f*, *ch*. Irabu zinabaki, nzito na zenye afya. Utakuwa unasikia vizuri sana kwamba mtu anaongea, hata kwamba amekasirika, isipokuwa anachosema. Mkeo atakuambia sukari imeisha. Kwako itafika *-ukari imei-a*. Jibu: "Tutaangalia mwisho wa mwezi." Katika mambo kumi ya nyumbani, jibu hilo linakaa sawa kwenye saba.

Kwa mengine matatu, kuna mbinu. Tikisa kichwa taratibu na useme "kweli kabisa". Mtu akicheka, cheka, ila usiwe wa kwanza. Kwenye kikao kaa karibu na mwenye sauti ya besi. Msibani usijibu kitu. Shika mkono tu. Lawama zote zipeleke kwa wengine: watangazaji wa siku hizi wanameza maneno, vijana wanaongea haraka, mtandao unakatakata. Na ukiongeza televisheni hadi jirani aanze kufuatilia tamthilia yako kupitia ukutani, mwambie spika zimechoka. Spika hazina wa kuzitetea.

Jihadhari na vitukuu na wajukuu tu. Sauti zao ni nyembamba, ziko palepale ulipopateketeza, nao hawana subira ya kurudia mara nne. Wataacha kukusimulia. Wewe sema wamekuwa watoto wa simu.

Hatua ya 10: Nunua kifaa chako cha mwisho

Mwishowe familia itakuchangia, na utapelekwa kwa mtaalamu wa masikio kupimwa na kuwekewa kifaa cha kusaidia kusikia. Usikidharau kwa udogo wake. Ndani kuna kompyuta kamili. Nacho kina ulinzi wa sauti, tena wa ukweli. Sauti ndogo kinaikuza, kubwa kinaibana, na juu kabisa kuna kikomo ambacho mtaalamu amekiweka kwa kompyuta yake kulingana na vipimo vyako. Ukibonyeza kitufe cha kuongeza, kitapanda hadi pale alipopaweka na kusimama. Hakikutolei kibao. Hakikuulizi kama uendelee. Hakuna mahali palipoandikwa SAWA, na huwezi kukiambia kwamba wewe ni gari.

Mbembeleze mtaalamu akuongezee kidogo. Mweleze kwamba wewe ni mtu wa muziki. Akikujibu, usikimbilie "kweli kabisa" kabla hujahakikisha kwamba hakuwa anauliza utalipa taslimu au kwa bima.